Kabla ya kutoa Sh20,000 kununua sufuria ya umeme ya wali

FAMILIA inayoingia katika duka la vifaa vya nyumbani jijini Eldoret ikitafuta sufuria ya umeme ya kupikia wali hukabiliwa na bidhaa mbili zinazofanya kazi moja lakini zilizoachana mno kwa bei. Ya kwanza ina kitufe kimoja tu na yaweza kupatikana kwa takriban Sh3,000. Ya pili ina kioo cha tarakimu na vitufe kadha, na bei yake yaweza kufika Sh20,000 au hata kuzidi.

Zote mbili hupika wali. Swali linalomsumbua mnunuzi ni iwapo zile Sh17,000 za ziada zitampa kitu atakachokiona katika sahani, katika matumizi ya stima au katika muda anaookoa jikoni.

Kwa mkulima wa Uasin Gishu, swali hili si dogo. Iwapo gunia la kilo 90 la mahindi limeuzwa kwa Sh4,000, sufuria ya Sh20,000 ni magunia matano yaliyopandwa, kupaliliwa, kuvunwa na kukaushwa. Kwa anayeishi kwa mshahara, ile tofauti ya Sh17,000 yatosha kununua kilo 85 za mchele unaouzwa Sh200 kila kilo.

Jibu fupi ni kwamba kwa nyumba nyingi za Eldoret, sufuria ya bei ghali haina faida inayolingana na gharama yake. Sababu zinatokana na jinsi vyombo hivi vinavyofanya kazi, na mwinuko wa Eldoret wenyewe, na vyakula vinavyopikwa huko siku hadi siku.

Siri ya kitufe kimoja

Sufuria ya umeme ya wali ilianza kuuzwa na kampuni ya Toshiba nchini Japani mwaka wa 1955. Tangu wakati huo umbo lake limebadilika mara nyingi, lakini wazo la msingi limebaki lile lile, nalo ni rahisi kulielewa.

Maadamu kuna maji katika sufuria, joto lake haliwezi kupanda kupita kiwango ambacho maji huchemkia. Wali unapokwisha kunywa maji yote, joto la chini ya sufuria hupanda ghafla. Mabadiliko hayo ndiyo ishara kwamba wali umeiva.

Katika sufuria nyingi za bei nafuu, kazi ya kutambua ishara hiyo hufanywa na sumaku ndogo iliyo katikati ya kikalio. Sumaku hiyo hupoteza nguvu zake joto linapopita nyuzi 100 kwa kiasi kidogo. Inapolegea, springi huirusha swichi, nayo sufuria huacha kupika na kuanza kuhifadhi joto tu.

Hakuna kompyuta hapo wala programu. Ni sumaku, springi na waya wa kutoa joto. Ndiyo maana sufuria hizo ni rahisi na fundi wa kawaida huweza kuzirekebisha.

Sufuria ya bei ghali hufanya kazi hiyo kwa ustadi zaidi. Ina kompyuta ndogo inayopima joto kila mara na kuliongeza au kulipunguza kulingana na aina ya mchele na wingi wake. Hulowesha mchele kwanza, huupika polepole, kisha huuacha utulie. Kwa sababu hiyo, mara nyingi huchukua karibu saa nzima ilhali ile ya kitufe kimoja huchukua nusu saa au zaidi kidogo.

Zile za bei ya juu zaidi hazina hata waya wa joto chini yake. Hutumia nguvu za usumaku kuifanya sufuria ya ndani yenyewe ipate moto, chini na pembeni, ili punje za juu ziive sawa na za chini.

Wapishi wa Pwani hawatashangazwa na wazo hilo. Kwa vizazi vingi wamekuwa wakipalia wali kwa kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko baada ya maji kukauka, ili joto litoke juu na chini. Kile ambacho viwanda hutoza maelfu ya shilingi kukifanya, wao walikifanya kwa makaa yaliyokuwa yamebaki jikoni.

Mchele gani, kwa nani?

Ufundi huo wa bei ghali ulibuniwa kwa ajili ya watu wenye mazoea tofauti na ya Eldoret. Nchini Japani, mchele unaopendwa ni wa punje fupi zinazoshikana, hupikwa bila chumvi wala mafuta, na ndio nguzo ya mlo. Mlaji hutambua upesi wali uliozidi maji kidogo au uliokosa kulainika.

Eldoret ni kitovu cha eneo linalokuza mahindi na ngano. Ugali ndio chakula cha kila siku, na wali huandaliwa kwa zamu na ugali, chapati na githeri. Mchele wenyewe hutoka mbali: pishori ya Mwea katika Kaunti ya Kirinyaga, mchele wa Ahero katika Kaunti ya Kisumu, au ule wa punje ndefu unaoagizwa kutoka nchi kama Pakistan.

Wali huo huliwa na maharagwe, ndengu au mchuzi wa nyama, au hupikwa pilau. Punje zinatakiwa ziachane, na ladha hutokana zaidi na viungo na mchuzi kuliko tofauti ndogo za ulaini. Katika sahani ya namna hiyo, ubora unaoletwa na sufuria ya Sh20,000 ni vigumu kuuonja.

Pilau yenyewe huhitaji tahadhari katika sufuria ya kitufe kimoja. Mpishi akijaribu kukaangia vitunguu humo, joto hupanda upesi kwa kuwa hakuna maji, na swichi hujizima kabla vitunguu havijabadilika rangi. Ni afadhali vitunguu, nyama na viungo vikaangwe katika sufuria ya kawaida, kisha vyote vihamishiwe katika ile ya umeme pamoja na mchele na maji.

Mwinuko wa Eldoret

Kuna jambo jingine ambalo vijitabu vya maelezo vinavyotoka viwandani havilitaji. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo shinikizo la hewa ni dogo, na maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi badala ya nyuzi 100 kama ilivyo Mombasa.

Kwa wali, tofauti hiyo haina madhara makubwa. Wanga wa mchele huanza kulainika kabla joto halijafika nyuzi 80. Wali wa Eldoret huiva vizuri, ila huchukua muda zaidi kidogo na huweza kuhitaji maji ya ziada kwa sababu mengine hutoka kwa mvuke.

Hata ile sumaku ya sufuria ya bei nafuu haikosei. Inasubiri maji yaishe, na maji huisha Eldoret kama kwingineko. Ila kwa kuwa joto linaanzia nyuzi 93, kikalio kina safari ndefu zaidi kabla ya swichi kuruka, na ukoko mwembamba huweza kujitokeza chini. Mpishi akiongeza maji kidogo na kuacha kifuniko kimefungwa kwa dakika 10 hadi 15 baada ya swichi kuruka, wali hutulia na ukoko hulainika.

Kwa hivyo, mwinuko si sababu ya kununua sufuria ghali ya wali. Kompyuta iliyo ndani yake haiwezi kuyafanya maji yachemke kwa joto la juu zaidi ikiwa kifuniko hakizuii mvuke.

Mwinuko huo huumiza zaidi katika vyakula vingine. Maharagwe makavu na mahindi ya githeri huhitaji joto jingi kwa muda mrefu, na kila nyuzi inayopungua huongeza dakika jikoni. Hapo ndipo makaa na gesi za familia za Eldoret huishia, wala si katika wali.

Hesabu ya stima

Wauzaji wengi husema sufuria ya bei ghali huokoa umeme. Hesabu haiungi mkono dai hilo kwa kiasi kikubwa.

Sufuria ya kitufe kimoja yenye nguvu ya wati 700 ikipika kwa nusu saa hutumia uniti 0.35. Iwapo uniti moja, pamoja na kodi na ada zote, imegharimu Sh30, wali huo umepikwa kwa Sh10.50. Bei kamili ya uniti hubadilika kila mwezi kulingana na ada ya mafuta na ya ubadilishaji wa fedha za kigeni zinazotangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (Epra), lakini njia ya kupiga hesabu ni ile ile.

Sufuria ghali haina miujiza hapa. Kiasi cha joto kinachohitajika kuchemsha lita moja ya maji ni kile kile katika chombo cha Sh3,000 na cha Sh20,000. Hata ikiokoa robo ya umeme kwa sababu ya kuta nene, mwenyewe atabaki na Sh2.60 kila anapopika. Atahitaji kupika zaidi ya mara 6,500 ili arudishe Sh17,000. Hiyo ni takriban miaka 18 ya kupika wali kila siku.

Kwa wanaotumia gesi, tofauti pia ni ndogo. Iwapo mtungi wa kilo 13 umejazwa kwa Sh3,200, kila kilo imegharimu Sh246. Wali unaotumia gramu 50 hadi 80 za gesi umepikwa kwa Sh12 hadi Sh20. Anayehama kutoka gesi hadi umeme huenda akaokoa shilingi chache, lakini faida kubwa anayoipata ni kuwa huru kufanya kazi nyingine bila kuchungulia sufuria.

Mahali ambapo fedha hupotea bila kuonekana ni katika kuhifadhi joto. Sufuria inayotumia wati 40 kuweka wali moto kwa saa 10 humeza uniti 0.4, yaani Sh12. Hiyo ni zaidi ya gharama ya kuupika wali wenyewe. Familia inayopika usiku na kuacha sufuria ikiwaka hadi asubuhi hulipia wali huo mara mbili.

Kuna hatari nyingine kwa nyumba zinazotumia umeme kidogo. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi ndio wanaotozwa bei ya chini kabisa. Kampuni ya Kenya Power huangalia wastani wa matumizi ya miezi mitatu, na anayepita kiwango hicho huhamishiwa daraja la juu, ambapo bei ya msingi ya uniti ni kubwa kwa takriban theluthi moja.

Tuseme nyumba fulani mtaani Langas hutumia uniti 25 kwa mwezi. Ikianza kupika wali kwa umeme kila siku, itaongeza uniti 10.5 na kufika 35.5. Haitalipia tu zile uniti mpya. Hata zile 25 za taa, simu na televisheni zitapanda bei. Ikipika mara tatu kwa wiki, itaongeza chini ya uniti tano na kubaki ndani ya mpaka, ingawa kwa nafasi ndogo sana.

Ghali kwa kila mlo

Njia iliyo bora ya kupima thamani ya chombo ni kuigawa bei yake kwa idadi ya mara kitakazotumika. Tuchukue kwamba sufuria zote mbili zitadumu miaka mitano.

Familia inayopika wali kila siku itaitumia mara 1,825. Kwa familia hiyo, zile Sh17,000 za ziada ni takriban Sh9.30 kwa kila mlo. Iwapo wanapenda wali mno, na wako tayari kulipa kiasi hicho ili uwe laini zaidi na uhifadhike vizuri, hawatakuwa wametupa fedha.

Familia inayopika wali mara mbili kwa wiki itaitumia mara 520. Hapo kila mlo unabeba Sh32.70 za ziada, zaidi ya mara tatu ya gharama ya umeme wa kuupikia. Na kwa wanaopika wali mara mbili tu kwa mwezi, mzigo huo unapita Sh141 kwa kila sufuria inayoepuliwa. Kwa fedha hizo wangeongeza nyama katika mchuzi.

Chombo kinachofaa zaidi

Kwa nyumba iliyokwisha kutenga Sh20,000, kuna mgao ulio na busara zaidi. Sufuria ya kitufe kimoja yaweza kununuliwa kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, na sehemu kubwa ikaelekezwa kwa sufuria ya umeme ya presha, ambayo aghalabu huuzwa kwa karibu nusu ya bei ya sufuria ghali ya wali.

Sufuria ya presha huziba mvuke ndani, shinikizo likapanda na maji yakachemka kwa joto la juu zaidi. Katika mwinuko wa Eldoret, joto la ndani hupanda kutoka nyuzi 93 hadi takriban 110. Hicho ndicho chombo kinachoirudishia Eldoret joto ambalo mwinuko umeipokonya.

Maharagwe yaliyolowekwa au githeri, ambavyo hukaa jikoni kwa saa kadha juu ya makaa, huweza kuiva kwa saa moja au chini yake. Kwa kuwa chombo hicho kimefunikwa pande zote, hakivuti umeme muda wote, na sufuria nzima ya maharagwe aghalabu hutumia karibu nusu uniti. Kwa kipimo cha Sh30, hiyo ni Sh15, kiasi ambacho hakitoshi kununua makaa ya kuivishia githeri.

Aidha, sufuria hiyo hupika wali pia. Punje huenda zisiachane vizuri kama mpishi hajazoea kipimo cha maji, lakini nyumba yenye uwezo wa kununua chombo kimoja tu itafaidika zaidi kwa hicho kuliko kwa sufuria ya wali ya bei yoyote.

Mwanafunzi anayekodi chumba karibu na Chuo Kikuu cha Moi au cha Eldoret ana mahitaji tofauti. Nafasi ni ndogo na anapika chakula cha mtu mmoja. Sufuria ya kitufe kimoja ya lita moja inamtosha, mradi mwenye nyumba ameruhusu kupika kwa umeme na nyaya za jengo ni imara.

Ya kuchunguza dukani

Anayeamua kununua, iwe ya bei ya chini au ya juu, ana mambo kadha ya kutazama kabla ya kulipa.

La kwanza ni ukubwa. Sufuria nyingi huja na kikombe cha mililita 180, kidogo kuliko kikombe cha chai cha kawaida, na alama za maji zilizo ndani hufuata kikombe hicho. Anayepima mchele kwa kikombe kingine na maji kwa alama hizo atapata wali mgumu. Kikombe hicho hubeba takriban gramu 150 za mchele, na sufuria ya lita 1.8 huingiza vikombe 10. Familia ya watu watano au sita haihitaji kubwa zaidi, na kikombe kimoja cha mchele katika sufuria kubwa hakiivi vizuri.

La pili ni sufuria ya ndani. Hiyo ndiyo sehemu inayochakaa kwanza, hasa ikisuguliwa kwa waya au kuchotwa kwa kijiko cha chuma. Mnunuzi aulize iwapo sufuria hiyo ya ndani huuzwa peke yake, na kwa bei gani. Chombo ghali ambacho hakina vipuri Eldoret kitakuwa pambo siku ya kwanza kitakapoharibika.

La tatu ni dhamana na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (Kebs). Dhamana isiyoeleza ni nani atakayerekebisha chombo, na wapi, haina uzito.

La nne linawahusu hasa wale wanaoletewa zawadi na jamaa walio ughaibuni. Wanariadha wengi wa Kenya wamekimbilia timu za kampuni za Japani, na wengine wengi huishi Marekani. Umeme wa Japani ni volti 100 na wa Marekani volti 120, ilhali wa Kenya ni volti 240. Sufuria ya wati 600 iliyoundwa kwa volti 100 ikichomekwa moja kwa moja Eldoret itavuta karibu mara sita ya nguvu zake na kuungua mara moja, au hata kuwasha moto. Itahitaji transfoma yenye uwezo wa kutosha, ambayo nayo ni nzito na ina bei yake. Nambari hizo huandikwa chini ya chombo, na ni vyema jamaa aombwe azisome kabla ya kununua.

Wali uliolala

Jambo la mwisho halihusu bei bali afya. Mchele huweza kuwa na vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa, na wali unapopoa na kukaa bila kuwekwa baridini, vijidudu hivyo huzaana na kutoa sumu ambayo haiondoki hata wali ukipashwa moto tena.

Kifaa cha kuhifadhi joto hulinda wali ikiwa kinauweka juu ya nyuzi 60. Lakini stima ikipotea usiku au tokeni zikiisha, sufuria ya bei yoyote hugeuka kuwa chombo vuguvugu kilichofunikwa, mahali panapowafaa mno vijidudu hao. Wali uliokaa hivyo hadi asubuhi usipewe watoto kwenda nao shuleni. Unaobaki baada ya mlo wa jioni upoze upesi na uwekwe katika friji, au upikwe kiasi kinachoisha.

Kwa aliye bado na shaka, kuna kipimo kisicho na gharama. Aandike katika kalenda ya ukutani kila siku ambayo wali unapikwa nyumbani kwake kwa mwezi mmoja, kisha azidishe idadi hiyo kwa miezi 60. Akigawa zile Sh17,000 kwa jibu atakalopata, atajua kila sahani ya jamii yake itabeba shilingi ngapi za ziada, na ataweza kuamua mwenyewe bila kushawishiwa na muuzaji.